Limewaka, Baba

Haya, sogea karibu nikutegee. Niko macho lakini sipumui. Niko tayari kukimbia lakini sisemi neno. Anayejigamba kunijua kwa sauti yangu, huyo ndiye nitakayemwaibisha. Mimi nani?

Usiharakishe, na wala usinipe mji. Miji niliyopewa na walioshindwa ni mingi, sina tena pa kuiweka. Lishike jibu lako mkononi tu. Tutalikuta njiani, karibu na pipa la oili chafu.

Palikuwa na fundi wa magari ambaye jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Watu walimwita Sikio. Ukimpelekea gari linalokohoa, hakuanza kufungua kitu. Alichukua bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao, akaegemeza ncha kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Halafu anasema, "Plagi ya tatu." Ikifunguliwa plagi ya tatu, imeungua. Au anasema, "Pampu yako ya maji imebakiza wiki mbili." Wiki mbili zikiisha, gari hilo linarudi likivutwa kwa kamba. Mafundi wengine walisema ana jini la chuma. Mkewe, aliyeuza vipuri kwenye kibanda cha langoni, aliwacheka.

"Jini gani? Nyumbani namwita mara tatu hasikii!"

Gereji ya Sikio ilikuwa na mashimo mawili ya kuingilia chini ya magari. La kwanza halikupumzika tangu asubuhi hadi jioni. La pili lilikaliwa na pikapu kuukuu la bluu ambalo halikuwa limetembea kwa miaka kumi na mmoja. Sikio aliliita Bi Mkubwa, na mkewe akaliita mke mwenzangu. Pikapu hilo ndilo lililobeba matofali ya nyumba yao. Ndilo lililompeleka mkewe hospitali siku ya uchungu, na ndilo lililomrudisha na mtoto wa kike ndani ya shali, injini ikinguruma na mtoto akikoroma, wote wawili kwa pamoja. Tangu life, hakuna aliyeruhusiwa hata kuegemeza baiskeli ubavuni mwake.

Mtoto yule sasa alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikulia humo humo gerejini, akaenda kusomea magari ya umeme miaka miwili, akarudi na glavu nene za mpira na kompyuta ndogo ya kupimia. Kwa miezi minne alikuwa akimsaidia baba yake kubadilisha oili za watu, na zile glavu zimetundikwa kibandani kwa mama yake hazijachafuka.

Jumatatu, kabla wateja hawajaja, alisimama mbele ya baba yake.

"Baba, kuna kampuni ya mabasi ya umeme, mji wa mbali. Wameniita kazini. Wanataka jibu Ijumaa, mwisho saa sita mchana."

"Vizuri," akasema Sikio, na moyo wake ukashuka kama jeki iliyoachiwa.

"Mimi ningependa kubaki. Lakini siwezi kufanya kazi yangu hapa nikiwa nimesimama kwenye kona. Baba, kuna nafasi yangu hapa?"

Sikio alisikia. Alisikia mpaka mate ya binti yalivyomezwa. Lakini jibu lilikuwa limeegeshwa juu ya shimo la pili, lina rangi ya bluu. Akaokota tambara, akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

"Tutaona," akasema.

Na wewe unaijua "tutaona" ya mzazi. Ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Jumanne mchana benchi lilijaa. Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kufa, kimewekwa ukutani, na mwenye benchi, ukipenda kumwita hivyo, alikuwa dereva wa teksi aliyejulikana kwa jina la Kata Kona. Huyo alikaa pale gari lake likiwa bovu, na likiwa zima alikaa vilevile.

"Nawaambieni," alisema Kata Kona, "gari la umeme ni simu iliyofungwa matairi. Simu yangu hii, ikifika alasiri iko asilimia nne. Sasa nimembeba abiria anawahi safari, nimwambie nini? Mama, shuka kidogo nitafute soketi?"

"Na mwezi uliopita petroli ilipokuishia barabarani," mke wa Sikio akadakia kutoka kibandani, "yule abiria ulimwambia nini?"

"Shemeji, ile ilikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya kila mwezi? Umetembea na dumu mpaka watu wanadhani unauza mafuta ya taa!"

Benchi likacheka. Binti, aliyekuwa shimoni chini ya gari la mtu, akapaza sauti. "Baba mdogo, gari la umeme halina plagi. Halina kabureta. Halina oili ya injini ya kumwaga, halina eksozi ya kutoboka."

"Ndiyo hapo!" Kata Kona akapiga paja. "Halina, halina, halina! Kaka Sikio, umemsikia binti yako? Anataka kukuletea gari lisiloumwa. Umewahi kuona daktari anaomba dua watu wasiugue?"

Sikio akacheka pamoja nao, ila kicheko chake hakikushuka chini ya koo.

"Yanaumwa pia," alijibu binti. "Na betri ikifa ni ghali, siwadanganyi. Sijasema petroli inaondoka kesho. Nasema haya magari yanakuja, na yakija yamkute mtu anayeyajua."

"Umeme ukikatika?"

"Na pampu ya petroli inaendeshwa na nini, baba mdogo? Kuni?"

Hapo benchi likamgeuka Kata Kona, wakampigia makofi ya kumsindikiza. Naye hakuwa mtu wa kukubali kushindwa, akageukia upande mwingine. "Basi atoe hukumu mwenye gereji. La umeme litaliondoa la petroli barabarani, au haliliondoi? Lakini ngoja. Tusimwulize huyu! Fundi aliyetia maji kwenye tangi la petroli la teksi yangu anaweza kuhukumu nini?"

Kisa hicho kilikuwa cha miaka kumi na saba, na Kata Kona alikisimulia kila wiki kama kimetokea jana. Jinsi teksi yake ilivyotoka gerejini, ikatembea hatua mia, ikapiga chafya na kulala. Jinsi tangi lilivyofunguliwa likakutwa na maji ya kutosha kufulia shuka. Jinsi Sikio, fundi mzima, alivyokiri kwamba alichanganya mdomo wa tangi na mdomo wa rejeta ya maji. Sikio hakuwahi kujitetea. Alitabasamu tu, kama kawaida yake. Na kule shimoni nyundo iliyokuwa ikigonga ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Ni katika kelele hizo ndipo gari dogo jeupe lilipoingia langoni. Hakuna aliyelisikia. Kata Kona aliligundua lilipokuwa kwenye magoti yake, akaruka hadi juu ya benchi.

"Mama Mkunga! Utatuua!"

"Wanao wanne wamepita mikononi mwangu," mkunga alisema akishuka, "na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwoga kama wewe."

Mkunga alikuwa mama mnene wa miaka sitini na kitu, aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa ule, binti wa Sikio akiwa mmoja wao. Gari lile la umeme lilikuwa na mwezi mmoja mikononi mwake, na alilipenda kwa sababu moja tu: hata akifika alfajiri kwenye nyumba yenye mzazi, mtoto haamki.

"Lakini lina kifaranga," alisema. "Kiko chini huko. Kwi, kwi, kwi. Nikienda polepole kinalia polepole, nikikimbia nacho kinalia mbio."

Binti alitoka shimoni uso unang'aa. Hilo lilikuwa gari la kwanza la kazi yake kuingia pale. Akalichomeka kwenye kompyuta yake, gari likiwa limewashwa ili lisomeke, akatazama namba zikipita. "Humu hakujaandikwa kosa lolote, bibi. Acha nichukue glavu nichungulie chini." Mkunga alikuwa amekwisha kwenda kibandani kusalimiana na mke wa Sikio. Binti akamfuata, na alipompita baba yake akasema, "Baba, usiliguse kwanza. Limewaka."

Benchi lilikuwa limefika kwenye bei ya betri, kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza. Neno lile alilisikia Sikio peke yake.

Limewaka. Akalitazama gari. Boneti haikutetemeka. Nyuma hapakuwa na moshi. Akachukua bisibisi yake, akaegemeza, akafumba macho. Kimya. Kimya cha jiwe. Miaka arobaini na mmoja yeye ndiye aliyewaambia watu kama gari limewaka au limezima. Leo aambiwe na mtoto aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika spana? Ameteleza ulimi, akajisemea. Wacha nimsogezee shimoni, akirudi akute kazi imerahisishwa.

Akaingia. Akakaa. Na hapo mwili wake ukafanya mambo ambayo mwili wa fundi aliyezeeka kwenye magari ya kabureta huyafanya bila kumwuliza mwenyewe, kama mtu anavyokung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Mguu wa kushoto ukatafuta klachi. Klachi haikuwepo, ukakuta breki, ukaikanyaga. Mkono ukatikisa gia huku na huku kuhakikisha iko huru, kumbe ikaingia kwenye mwendo bila sauti. Mguu wa kushoto ukaachia. Na mguu wa kulia ukapiga pampu tatu za haraka haraka kwenye pedali ya mafuta, ili petroli ipande.

Petroli gani?

Pampu ya kwanza, gari likaruka. Pampu ya pili, likafika kwenye pipa la oili chafu. Pampu ya tatu haikupigwa, maana aliyekuwa ndani ameng'ang'ania usukani akimwita mama yake, aliyefariki zamani. Pipa likaanguka kwa kishindo, na oili ya mwezi mzima ikatoka, nzito, nyeusi, haina haraka, ikaelekea moja kwa moja kwenye benchi. Siku hiyo Kata Kona alivaa viatu vyeupe.

Lile jibu ulilolishika mkononi, ndilo hilo hapo, limepasuka taa ya kushoto na bampa limebonyea.

Mkunga, mke na binti wakaja mbio. Sikio alishuka. Watu wote wakamtazama. Akafungua mdomo, na jina lake la miaka arobaini na mmoja likasimama kwenye ncha ya ulimi limejaa aibu, halitaki kutoka, halitaki kurudi.

"Kosa ni langu, bibi," binti akasema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Nililiacha limewaka na sikumwambia mtu. Gari la namna hii haliachwi hivyo. Taa na bampa nitavirudisha mimi, Alhamisi utalikuta kama lilivyokuwa."

Sikio akamtazama binti yake. Binti hakumtazama. Alikuwa ameinama anaokota vipande vya taa.

"Mimi nimeona watoto wakitanguliza kichwa," mkunga alisema, "nimeona wakitanguliza miguu. Gari kutanguliza pua si ajabu. Kuna mtu ameumia?"

"Viatu vyangu!" akalia Kata Kona.

"Nimeuliza mtu."

Saa nzima walimwaga unga wa mbao na kufagia. Kata Kona, peku, akamhubiria binti. "Unaona, mwanangu? Lingekuwa la petroli, baba yako angelisikia. Haya yenu yanakuja kama mwizi, na wewe unayeyajua hutuambii!"

"Ni kweli, baba mdogo," akajibu binti, akaendelea kufagia.

Kila "ni kweli" ilimchoma Sikio kama waya wa plagi.

Jumatano asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, mkewe alimwekea kikombe cha chai na kusimama hapo hapo. Huyo mama hakuambiwa kitu, lakini alikuwa mtu wa kuona.

"Nikutegee?"

"Nimechelewa."

"Mdomoni ni jepesi kuliko unyoya. Likikaa kifuani, mtu hainuki."

Sikio akafikiri kidogo. "Kiungulia."

"Kiungulia ni chako wewe! Fikiri."

Akaenda kazini na kitendawili chake kifuani, na kweli siku nzima mgongo ulikuwa mzito. Mara tatu alimsogelea binti aliyekuwa akinyoosha bampa. Mara ya kwanza akamwomba spana ya kumi na nne. Mara ya pili akaomba tambara. Mara ya tatu akasimama tu, binti akauliza, "Unataka nini, baba?" naye akajibu, "Hakuna, naangalia."

Alhamisi taa ilikuwa mpya na bampa limenyooka, lakini kifaranga bado kilikuwa kinalia. Binti alichungulia chini, akakagua breki, akachomeka tena kompyuta. Kompyuta ikasema gari ni zima. Akaikunja, akamfuata baba yake.

"Mashine yangu inajua kusoma, baba, haijui kusikia. Nipe sikio lako."

"Sikio langu?" Sikio akatazama alama nyeusi ya oili sakafuni. "Juzi ulishaona linavyofanya kazi."

"Baba."

"Haya."

Binti akashika usukani. Sikio akakaa kando yake, bisibisi imelala mapajani kama mwavuli wa mgeni aliyekuja siku ya jua. Wakatoka langoni, wakapandisha vioo.

Sasa sikiliza. Maisha yake yote, Sikio alikuwa akivua sauti ndogo ndani ya sufuria ya makelele. Injini inanguruma, feni inavuma, eksozi inapiga kelele, naye anapapasa humo ndani kutafuta kiugonjwa kimoja. Siku hiyo sufuria ilikuwa tupu. Alisikia mchanga ukisagika chini ya matairi. Alisikia springi ya kiti, na pete ya funguo inayoning'inia. Alisikia upepo ukipita kwenye mpira wa dirisha uliochanika. Alisikia binti yake akipumua kwa pua, pumzi fupi yenye mkoromo kidogo mwishoni, ile ile ya ndani ya shali ya siku ya kwanza. Na hapo katikati, wazi kabisa, kwi.

"Kata kulia, taratibu."

Kwi, kwi, kwi!

"Sasa kushoto."

Kimya.

"Gurudumu la nyuma, kushoto," Sikio alisema. "Beringi. Imeanza kukauka."

"Una hakika?"

"Mtoto wewe! Mbona hata haikujificha? Imekaa uchi barabarani!" Akacheka, na safari hii kicheko kilifika tumboni. "Kumbe gari lenu hili ni chumba cha daktari. Kimya chote hiki mlikuwa mnanificha?"

Binti naye akacheka. Wakaendelea kwenda, ingawa kazi ilikuwa imekwisha na hakuna aliyesema wageuze. Ndipo Sikio alipotambua jambo jingine. Walikuwa wanaongea bila kupiga kelele. Miaka yote ya gerejini mazungumzo yao yalikuwa "Washa!" na "Zima!" na "Lete kumi na nne!" yakirushwa juu ya injini kama mawe. Hakujua kwamba sauti ya binti yake, ikishuka, inafanana na ya bibi yake mzaa baba.

"Uliniambia limewaka," akasema.

"Nilikuambia."

"Nilisikia."

"Najua ulisikia, baba."

"Sasa kwa nini ulinibebea?"

Binti akapunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa. "Umesahau maji ya Kata Kona?"

Sikio akaigeuza bisibisi mapajani.

"Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuona unaongeza maji kwenye rejeta, nikataka kusaidia, nikaona mdomo mwingine umeachwa wazi. Ulinikuta nimeshika jagi. Hukunigombeza hata neno moja. Ukamwambia ni wewe. Ukalala chini ya tangi lile siku mbili kulisafisha, na amekucheka miaka kumi na saba, kila wiki, mbele ya wateja. Hata siku za hasira hukuwahi kunitaja." Akavuta ile pumzi yake fupi. "Mimi nimekubebea mara moja tu, siku moja. Bado sijakufikia."

Sikio akageukia dirishani. Nyumba zilipita, nguo zilizoanikwa zilipita, mtu na kuku wake walipita, na yeye hakuona hata kimoja.

"Asante," akasema.

Neno lilitoka jepesi, halina hata uzito wa unyoya, na kifua kikapanda chenyewe.

"Kumbe si kiungulia," alinong'ona.

"Nini, baba?"

"Hakuna. Mama yako ana mambo."

Lakini lile swali la Jumatatu, binti hakuliuliza tena. Alikuwa ameuliza mara moja, na mtoto aliyelelewa vizuri habishi hodi kwenye mlango aliokwisha kuubisha. Na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Beringi ya namna ile haikuwepo kibandani, kwa hiyo Ijumaa asubuhi binti alikwenda kuitafuta kwenye maduka ya mjini. Alipoondoka tu, Sikio akamwita Kata Kona na teksi yake na kamba nene.

"Tunavuta nini?"

Sikio akaonyesha kwa kidevu. Kata Kona akalitazama pikapu la bluu, akamtazama rafiki yake, kisha akainama kufunga kamba.

Sikio akafungua mlango wa Bi Mkubwa, ukalia ile sauti yake. Akakaa. Akaweka viganja kwenye usukani uliochakaa pale mikono yake ilipozoea. "Umenijengea nyumba," alisema polepole. "Umeniletea mke wangu mzima na mtoto wangu mzima. Ulipokuwa na afya hukuniacha njiani, na ulipougua ulinifundisha kazi. Sikufukuzi, mama. Nakuomba usogee tu."

Akapiga pampu tatu. Hakuna kilichopanda. Akatoa gia, akashuka.

"Unalia, kaka?" Kata Kona aliuliza.

"Vumbi."

"La miaka kumi na mmoja," Kata Kona alisema, naye akajifuta la kwake.

Wakalivuta taratibu mpaka kando ya kibanda. Mke wa Sikio akatoka, akalizunguka, akapima kwa macho lile karai la nyuma la kubebea mizigo. "Hapa nitapanga rimu na betri," alisema. "Mke mwenzangu, karibu. Sasa na wewe utafanya kazi ya kukaa." Sikio akarudi akaondoa mbao za shimo la pili, akafagia humo mpaka chini. Kisha akapigilia msumari ukutani katikati ya mashimo mawili, akatundika hapo bisibisi yake ndefu, pale ambapo mkono wa upande huu unafika na wa upande ule unafika.

Saa tano na robo mkunga alikuja kulisubiri gari lake, akakaa benchini karibu na Kata Kona, ambaye sasa alivaa viatu vyeusi kwa tahadhari.

"Sasa Mama Mkunga, utuamulie," alisema Kata Kona. "La umeme litalifuta la petroli?"

"Mtoto wa pili akizaliwa," mkunga alijibu, "wa kwanza hafutwi. Anasogea tu kitandani."

"Na akija wa tatu?"

"Wanunue kitanda! Mbona una maswali, wewe?"

Sikio akasimama mbele yao na tambara mkononi. "Mama Mkunga, nina neno. Jumanne binti yangu aliniambia limewaka. Nilimsikia vizuri. Kiburi ndicho kilichoziba. Gari lako nililigonga mimi."

"Nilijua," mkunga alisema. "Nilimwona anavyokwepa kukutazama. Mtu mwenye kosa huwa anatazama watu kuona wamekasirika kiasi gani."

Binti alikuwa amefika langoni, beringi mkononi imefungwa kwenye karatasi, na maneno ya baba yake aliyasikia. Akavuta pumzi. "Basi na mimi niseme. Baba mdogo, yale maji kwenye tangi lako niliyatia mimi. Nilikuwa na miaka tisa."

Kata Kona akasimama, akaketi, akasimama tena. "Miaka kumi na saba nimemcheka mtu asiye na kosa! Familia gani hii? Mnaazimana makosa kama masufuria!" Kisha akamshika Sikio begani, akamtikisa. "Kaka. Ungeniambia."

"Ungemcheka yeye," akasema Sikio.

Kata Kona akafikiri. "Ningemcheka," akakubali.

Binti hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa ameona. Pale palipokuwa na bluu kwa miaka kumi na mmoja palikuwa na mwanga, na sakafu yenye umbo la pikapu, safi kuliko sakafu yote. Shimo lilikuwa wazi, limefagiliwa. Glavu zake nene zilikuwa zimewekwa ukingoni, jozi, vidole vimenyooshwa. Akatazama simu yake. Saa tano na dakika arobaini. Akamtazama baba yake, lakini hakuuliza.

Sikio akaliweka tambara chini.

"Jumatatu uliniuliza kitu, nikafuta spana safi," alisema, kwa sauti ya chini, ile aliyojifunza ndani ya gari jeupe. "Nafasi yako ipo, mwanangu. Ila ukiliwasha, niambie mara mbili."